Tafuta Mtu Anayekusubiri: Vidokezo 9 vya Kupata Ujuzi wa Kazi Ukiwa Bado Chuoni

Tangazo la kazi likitoka, kuna mstari mmoja unaowakata maini wahitimu kila mara: "awe na uzoefu usiopungua miaka miwili". Uzoefu huo angeupata wapi, na juzi tu alikuwa amepanga foleni mlangoni kwa mkuu wa idara akisubiri sahihi?

Swali hilo ni la haki, na si la leo. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea akitaka shule isimtenge mtoto na kazi. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likaenda mbali zaidi, likataka kijana aliyemaliza sekondari afanye kazi kwanza ndipo aombe chuo kikuu. Utaratibu huo uliachwa baadaye, na leo wengi wetu tunaingia chuoni moja kwa moja kutoka kidato cha sita, hatujawahi kumfanyia kazi mtu yeyote nje ya nyumba yetu.

Habari njema ni kwamba miaka mitatu au minne ya chuo ina nafasi nyingi za kazi ya kweli. Mimi huitambua kazi ya kweli kwa alama moja: kuna mtu anayeisubiri. Ile ya darasani inasubiriwa na mhadhiri, ambaye ukichelewa anakukata alama na maisha yanaendelea. Hii nyingine inasubiriwa na mwenye shida yake, na ukichelewa, anayeumia ni yeye. Ukishaonja tofauti hiyo hutaisahau. Hivi ndivyo unavyoweza kuitafuta.

1. Anza na mtu, mada itakuja yenyewe

Wengi huanza upande wa pili. Wanakaa kwenye vimbweta, wanatunga kichwa cha mradi kirefu kama treni, kisha ndipo wanaanza kutafuta watu wa kuwavisha kichwa hicho. Wewe anza na watu unaowaona kila siku. Mama ntilie wa nyuma ya bweni ana wateja wanaokula kwa mkopo hadi bumu liingie. Madeni mengine yako kwenye daftari lililolowa mafuta, mengine yako kichwani mwake. Mwenye steshenari hajui kinachomlipa zaidi ni kudurufu, kuchapa au kuuza kalamu. Shule ya msingi ya jirani ina vitabu kabatini, ila hakuna orodha inayosema ni vingapi na viko wapi.

Chagua mmoja, uende bila laptopu. Kaa naye asubuhi nzima, mkatie vitunguu ikibidi, na utazame. Baada ya saa mbili utaona kwamba mama ntilie hana haja na programu ya simu, kwa sababu mikono yake ina unga na mafuta tangu alfajiri mpaka sufuria ziishe. Huenda kinachomfaa ni kadi ndogo ya kila mteja, anayoitoboa tundu moja kwa kila sahani iliyokopwa. Mwanafunzi wa uhasibu akikaa hapo ataelewa mtiririko wa fedha kuliko alivyouelewa kwenye desa, maana hapa fedha isipotiririka kesho hakuna maharage.

Unapouliza, epuka neno "changamoto". Limezoeleka mno kwenye semina, na mtu akilisikia hukupa majibu ya semina. Uliza hivi: "Mama, ni jambo gani hapa linakupotezea hela au linakunyima usingizi?" Kisha nyamaza, mwache aseme.

2. Usiiache fildi ipite kwa sahihi tu

Wiki za fildi ni nafasi ambayo chuo chenyewe kinakupa. Wahandisi wa Mlimani huiita PT, ndugu zetu wa Kenya huiita atachimenti, na Bodi ya Mikopo ina fungu lake kwa wanufaika. Inasikitisha wiki hizo zinapoishia kwenye kudurufu barua na kutumwa soda.

Mimi nilipelekwa kwenye ofisi moja ya umma nikiwa mwaka wa pili. Wiki tatu za kwanza nilidurufu, nikabana karatasi kwa pini, nikasubiri saa tisa na nusu ifike. Hakukuwa na mwenye nia mbaya. Kila mtu alikuwa na kazi zake, na hakuna aliyekuwa amepangiwa kunifundisha. Wiki ya nne nikashuka masjala. Mzee aliyetunza majalada alikuwa mtu wa maneno machache. Nikamwamkia, nikasaidia kupanga rafu moja, kisha nikamuuliza: "Mzee wangu, katika kazi hii, kitu gani kinakusumbua kuliko vyote?"

Akavuta droo, akanipa karatasi yenye namba za majalada kumi na saba. "Haya yamechukuliwa na maofisa," akasema, "na sijui yako meza ipi. Wenyewe wakija kuulizia mambo yao, ninayesimama mbele yao ni mimi."

Zamani kulikuwa na daftari la kutoa na kurudisha majalada, lakini kurasa zilikwisha na halikununuliwa jingine. Tukanunua kaunta buku, tukachora safu: namba ya jalada, aliyechukua, tarehe ya kutoka, tarehe ya kurudi, sahihi. Kwa kila jalada lililotoka tukaacha kipande cha manila cha njano rafuni mahali pake, ili pengo lionekane hata kwa mtu anayepita. Halafu nikashika ile orodha, nikapita meza kwa meza. Tukapata kumi na manne.

Kile kipande cha manila kilikuwa kazi nyepesi. Kazi nzito ilikuwa kusimama mbele ya mkuu wa kitengo na kumdai jalada pasipo kumvunjia heshima. Hakuna kozi iliyonifundisha hilo, na sijawahi kupata ajira ambayo sikulihitaji.

Kwa hiyo, kama umepangwa kudurufu, durufu vizuri, lakini kabla wiki ya pili haijaisha uwe umeshamuuliza mtu mmoja swali lile. Mara nyingi mtu huyo ni katibu muhtasi, mtunza stoo, dereva au fundi. Hao wanaijua ofisi toka uvunguni.

3. Vaa viatu vya kutembea

Desemba 2011 mvua kubwa ilileta mafuriko Dar es Salaam. Watu zaidi ya 40 walifariki, na familia za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Mwaka huohuo wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi walikuwa wameshirikiana na wakazi wa Tandale kuichora kata hiyo kwenye ramani, njia kwa njia. Mwaka 2015 kazi ya namna hiyo ikapanuka na kuitwa Ramani Huria: wanachuo wa Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, bega kwa bega na wenyeji, wakipita kata zinazokumbwa na mafuriko na kuziingiza kwenye OpenStreetMap, ile ramani ya dunia iliyoanzishwa 2004 ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia na kuirekebisha.

Huu ndio mradi ninaoupenda kuliko yote niijuayo, na sababu yake ni mitaro. Picha iliyopigwa na droni inaonyesha paa na barabara. Haikuambii kama mtaro ulio kando ya nyumba una kina cha nusu mita au umejaa taka mpaka mdomoni, wala kama maji ya masika yaliyopita yaliishia kizingitini au yalifika usawa wa dirisha. Ili kulijua hilo, lazima mtu ashuke na tepu apime upana na kina, aandike, kisha apige hodi na kumuuliza mwenye nyumba. Akina mama waliokuwa wakifua uani wakawa walimu wa wahandisi watarajiwa, maana wao wanajua maji huanzia wapi na huchukua muda gani kukauka.

Kulikuwa na jambo jingine gumu zaidi: mipaka ya mashina. Mipaka hiyo haikuwa imechorwa popote. Ilikuwa vichwani mwa wajumbe. Wanachuo wakatembea na wajumbe wenyewe, wakionyeshwa kwamba shina hili linaishia kwenye mwembe ule na lile linaanzia kwenye duka lile. Visiwani nako, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walishiriki kazi ya kuzipiga picha Unguja na Pemba kwa droni chini ya Kamisheni ya Ardhi kuanzia 2016, wakajifunza kurusha na kuchakata picha kwa ajili ya ramani ya nchi yao.

Huhitaji kuwa mpima ardhi ili uanze. QGIS haina malipo. KoBoToolbox inakuwezesha kutengeneza dodoso, ukalijaza kwenye simu janja ya kawaida hata pasipo mtandao. Mwanafunzi wa sosholojia anaweza kuorodhesha vituo vya maji vya mtaa mmoja, foleni zake na bei ya ndoo. Wa afya ya jamii anaweza kuhesabu vyoo vya shule na wanafunzi wanaovitumia. Kiatu tu kiwe kizima.

4. Barua ya utambulisho kwanza, maswali baadaye

Ukiingia mtaani na dodoso na hakuna anayekujua, utaonekana mtu wa kodi au wa bomoabomoa, na majibu utakayopata yatafanana na hofu hiyo. Chukua barua ya utambulisho chuoni, durufu nakala za kutosha, nenda kwa mtendaji wa kata, kisha serikali ya mtaa, kisha kwa mjumbe. Vaa vizuri. Amkia. Ukiambiwa "njoo Alhamisi", rudi Alhamisi. Wanachuo huona mzunguko huu unawapotezea muda, lakini kwangu mimi nusu ya ujuzi wa kazi hapa kwetu iko humo: kujua nani anafuatwa kwanza, na kumwendea kwa namna itakayomfanya atake kusaidia.

Kisha kuna sheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kenya ina yake ya 2019. Kwa lugha nyepesi: kusanya kile tu unachokihitaji, mweleze mtu utakitumia vipi, pata ridhaa yake, na usitupe orodha ya majina na namba za simu kwenye kundi la WhatsApp. Ndiyo maana kule kwa mama ntilie nilitaja kadi, sikutaja ubao. Ubao wa wadaiwa ukutani ungemrudishia mama hela zake haraka na kuwaaibisha vijana mbele ya wenzao.

5. Punguza mpaka uweze kumaliza

Kosa linaloua miradi mingi ya wanachuo ni ukubwa. Mtu anataka kutatua tatizo la taka la jiji zima ndani ya semista moja. Chagua soko moja, na ndani ya soko chagua safu ya wauza nyanya.

Wanafunzi wa kilimo wanalielewa hili kuliko wote, kwa kuwa kalenda ya chuo na kalenda ya mvua haziongei. Mahindi yanataka miezi mitatu, minne, na masika haisubiri ratiba ya mitihani. Mchicha unavunwa ndani ya wiki tatu hadi nne. Anayefanya jaribio lake kwa mchicha anaweza kukosea, akarekebisha mbolea au nafasi, akapanda tena na tena ndani ya semista hiyohiyo. Wa mahindi anakosea mara moja na mwaka umekwisha. Hata kama fani yako iko mbali na shamba, jiulize mradi wako ni mahindi au ni mchicha, na kwa mara ya kwanza chagua mchicha.

Andika pia sentensi moja ya kumaliza, umsomee mwenye shida: "Nitakuwa nimemaliza siku vitabu vyote vya kabati hili vitakapokuwa na namba, na mwalimu wa zamu ataweza kukipata kimoja bila mimi." Akikubali, anza.

6. Wafuate wenzako wa jengo la pili

Mwaka 2008 wanafunzi wa Makerere walishiriki mradi wa kimataifa wa kubuni gari ulioongozwa na wanafunzi wa MIT ya Marekani. Baada ya hapo waliendelea na walimu wao Kampala, na Novemba 2011 chuo kikazindua Kiira EV, gari la umeme la watu wawili. Kutoka hapo ikazaliwa kampuni ya Kiira Motors, na 2016 wakaonyesha basi la Kayoola lenye paneli za sola juu ya paa. Gari halikubali kutengenezwa na fani moja. Wa umeme anagombania nafasi ya betri, wa mitambo analalamikia uzito, wa kompyuta anataka vihisi, na mwenye fedha anawauliza wote bei.

Ugomvi huo ndio unaokusubiri kazini. Darasani kwako wote mmesoma vitabu vilevile na mnatumia maneno yaleyale, hivyo hamlazimiki kuelezana. Tafuta mtu wa jengo jingine. Mwanafunzi wa sheria anayesaidiwa na wa takwimu ataweza kuonyesha ni migogoro ya aina gani inaongoza katika kituo cha msaada wa sheria anachojitolea. Wa Kiswahili atamwandikia wa famasia maelezo ya dawa ambayo bibi atayasoma na kuyaelewa.

Na kuhusu mwenzenu asiyefanya kazi ila anataka jina lake liwepo: msimsengenye kwa wiki sita halafu mmlipukie siku ya mwisho. Wekeni tangu siku ya kwanza karatasi moja inayosema nani atafanya nini na lini. Siku ikipita, mmoja wenu amfuate peke yake, amuulize kuna nini. Mara nyingine utakuta ana msiba, au hana hata nauli.

7. Shika hesabu, hata ya shilingi elfu tano

Nauli, vocha, kuchapa, maji ya kunywa: andika vyote, tunza risiti. Usimalizie bumu kwenye mradi. Mwombe mwenye shida naye achangie kitu, hata kama ni meza, kalamu au chai ya saa nne. Aliyechangia hata rula atakutafuta usipoonekana. Na atakapokukabidhi mtu bajeti ya kweli, hutakuwa unaanza kujifunza siku hiyo.

8. Andika kila jioni

Chuo kinakudai logibuku, na wengi huijaza yote usiku mmoja kabla ya msimamizi kufika. Matokeo yake kila siku inasomeka "nilisaidia shughuli za ofisi". Wewe andika mistari mitano kila jioni: nimefanya nini, nimekwama wapi, nani amenikwamua, nimekosea nini, kesho naanzia wapi.

Mistari hiyo ndiyo utakayoishi nayo kwenye usaili. Jopo likikuambia "tueleze wakati uliposhindwa jambo", mwenye logibuku ya kweli ana tukio, tarehe na namba. Wasifu wako nao utabadilika. Badala ya "nina uwezo wa kufanya kazi kwa ushirikiano", utaandika: "Nilishirikiana na mtunza masjala kuanzisha upya daftari la majalada, katika majalada 17 yaliyokuwa hayajulikani yalipo, 14 yalipatikana." Msomaji wa maombi mia mbili atasimama hapo. Usiongeze chumvi. Kama yalikuwa kumi na manne, andika kumi na manne, na ukiulizwa yale matatu yalikwenda wapi, sema hamkuyapata.

Mwombe pia uliyemfanyia kazi akuandikie barua fupi, hata kwa mkono. Barua ya mwalimu mkuu wa shule ya msingi inayosema ulikuja kila Jumatano kwa miezi miwili ina uzito wake.

9. Kabidhi, kisha rudi

Mradi ambao ni wewe tu unayeweza kuuendesha utalala siku utakayofunga chuo. Wiki mbili kabla ya kumaliza, anza kutoa mikono yako. Mwache mwalimu apange vitabu huku wewe umekaa pembeni. Mwache mama ntilie atoboe kadi mwenyewe kwenye msongamano wa saa saba. Andika maelekezo ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili anachotumia yeye, uyabandike mahali yanapoonekana. Waite watu wawili watatu mkabidhiane mbele yao.

Halafu rudi baada ya mwezi au miwili, na usitangaze kwamba unakuja kukagua. Pita tu kama mtu aliyekumbuka wenzake. Utaona kipi kinatumika na kipi kimewekwa juu ya kabati.

Mimi nilirudi masjala ile miezi minne baadaye, nikiwa na shida yangu ya kufuatilia barua. Mzee alikuwa na mteja, akaniashiria nikae. Kaunta buku lilikuwa mezani limefunguliwa, pembe za kurasa zimeshachakaa. Nikalisogeza karibu. Kulikuwa na safu mpya pembeni, imechorwa kwa kalamu nyekundu na rula, ambayo mimi na yeye hatukuwa tumeiwaza: namba ya simu ya aliyechukua.